Likuozee Mkononi

Bweni la Pili, kitanda cha juu
Jumapili, 1 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono haikuumi, na yule msaidizi wako Kidole bado anamaliza kusuka vichwa viwili wakati wewe uko kwenye kimoja. Najua hilo ndilo linalokuuma kuliko mikono.

Mimi ni mzima. Chakula cha hapa ni kizuri sana, kinafundisha subira. Nimepewa kitanda cha juu karibu na dari, mahali pa mtu kama mimi ambaye watu humsahau. Juzi mwalimu wa zamu alituhesabu akanipita, nikawa sipo, nami sikumsahihisha. Nililala nikiwa sipo. Ilikuwa raha. Mama kaandika kutoka kazini kwake ng'ambo, anasema baridi imemzoea yeye, si yeye aliyeizoea. Kwa hiyo nyumbani Baba yuko peke yake na ubao wake.

Baba anakusalimu.

Hapana, hakukusalimu, hiyo nimeiandika kwa mazoea ya barua. Aliponileta shuleni alisema, "Ukimwandikia yule mtu wa saluni, andika vizuri, asije akasema sikukusomesha." Nimeichukulia kuwa ni salamu.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Mpishi wetu hufungia mikate kwa magazeti ya zamani, na wangu ulifungwa kwa ukurasa wa michezo. Mkaguzi wa mieleka anastaafu, Shangazi! Jumapili ya tarehe tatu Mei, onyesho la kulipia, jina lake Funga Hesabu. Anapambana na Fundi Bomba, na akishindwa havai tena tai ulingoni. Nilisoma mkate ukiwa mdomoni nikasahau kutafuna. Nilimkumbuka Bibi.

Alivyokuwa akimngojea! Kila Jumapili anakipiga king'amuzi kofi ili picha itulie, anakaa ukingoni mwa kiti, na yule bwana akitokea na suti yake na faili lake jekundu, akianza kukagua viatu vya mwenzake kana kwamba ulingo ni ofisi, Bibi yangu ambaye hajawahi kumfokea hata kuku anasimama: "Na hilo faili likuozee mkononi, mwana hizaya wewe!" Kisha anakaa, anakunywa maji, anaonekana kijana.

Mpaka siku Baba alipoleta ubao. Nilikuwepo, nimekaa sakafuni. Mwalimu wa fizikia mzima anamchorea mama yake mzazi mshale wa nguvu na mshale wa uzito, anamthibitishia kwamba ngumi ile haimgusi mtu, mbao za ulingo zinanesa, na mshindi hupangwa mapema. "Mama, ni maigizo. Unajipandishia presha bure." Bibi akautazama ubao, akasema, "Ahaa." Akaenda jikoni, Baba akamfuata. Televisheni haikuwashwa tena nyumbani kwake mpaka tulipomzika.

Na siku ya mazishi wewe ukamwambia Baba mbele ya watu kwamba amemnyang'anya mama yenu adui wa mwisho aliyebaki naye, kwa kuwa wengine wote walikwisha tangulia. Tangu hapo mnasemezana kupitia kwangu, mimi ninayeitwa Kimya ukoo mzima. Mmechagua vizuri.

Shida yenyewe unaijua. King'amuzi cha Bibi kiko saluni kwako, lakini kimesajiliwa kwa jina la Baba na simu ya Baba. Ukiagiza onyesho, namba ya kulifungulia inakwenda kwenye simu yake, na baada ya dakika kumi inakufa. Likizo iliyopita tulifanikiwa kwa sababu Baba aliiacha simu mezani akatoka kwenda kuangalia ufa kwenye ukuta wa uani, nami nikakusomea. Ufa ule aliuangalia vizuri mno. Sasa niko huku. Simu ni marufuku, na ile ya matroni ni ya wagonjwa na waliofiwa. Nimefikiria kuugua. Barua nayo huchukua wiki mbili posta wakiwa na furaha. Nani atakusomea namba?

Mpigie, Shangazi. Si lazima hata useme hujambo.

Ni mimi,
Kimya


Saluni
18 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Barua yako imefika imejikunja kama iliyotupwa nje ya ulingo, lakini imefika. Nafurahi unakula subira. Huku tunaila pia, ila ya kwetu ina chumvi. Mikono mizima. Kidole yupo, anasuka kama cherehani na kuongea kama redio, na kama ulikusudia kunichokoza umefaulu. Paa linavuja juu ya sinki, hivyo siku za mvua wateja wanaoshwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, sisi tunasugua tu.

Unaniuliza habari za mieleka kana kwamba naziona. Onyesho la Januari nililiagiza, namba ikaenda kwa baba yako, ikafia mikononi mwake. Tulichotazama ni kioo cheusi. Aliyeliona ni mteja wetu Nesi, nyumbani kwake, na keshoye akaja kuweka roli. Tukamzunguka.

"Mkaguzi kampiga Bwana Harusi faili la utosini," akasema, "mwamuzi akiwa ameinama anafunga kamba ya kiatu."

"Mwamuzi gani anafunga kamba mtu anauawa nyuma yake?" akauliza Mama Povu, yule mwenye duka la sabuni.

"Wa kununuliwa," Kidole akadakia.

"Haya, halafu?"

"Halafu nikasinzia. Nilitoka zamu, jamani! Nilipoamka kuna mtu analia, sijui ni Bwana Harusi au mume wangu."

Ungedhani mjadala umekufa hapo. Thubutu! Mama Povu akatoa hukumu kwamba Bwana Harusi alistahili, mwanamume gani anavaa suti nyeupe kwenda kupigana. Kidole akasema onyesho la mwaka huu limeisha vibaya kuliko la mwaka jana, na la mwaka jana hakuliona. Tulibishana mpaka dawa ikapitiliza kwenye kichwa cha mteja. Tukamkimbiza kwenye sinki, naye povu machoni anapiga kelele kwamba mkanda wa ubingwa ulikuwa haki ya Fundi Bomba. Ndivyo maoni ya mashabiki yanavyopatikana, mwanangu. Mmoja kaona nusu, wengine wote wana hakika.

Sasa kuhusu kaka yangu. Nimpigie nimwambie nini? "Shikamoo kaka, nisomee namba ya maigizo"? Yeye ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye wa kuanza. Yeye anasema mimi ndiye niliyemtia aibu mbele ya watu, nianze mimi. Sote tuna haki, ndiyo maana hatusemezani.

Usiniambie ninunue king'amuzi kingine. Hiki kina bonde la kofi la Mama, na kikigoma nakipiga palepale. Wala usiniambie nimtume Kidole. Simpeleki mtoto wa watu kwenye vita vyangu, tena ataanza kumweleza baba yako bei za kusuka.

Nimekwisha bandika tangazo mlangoni: FUNGA HESABU KUONYESHWA HAPA, VITI NI VICHACHE. Kwa hiyo namba itapatikana. Itapatikanaje, hilo swali ni la mitihani, na mwanafunzi ni wewe.

Kula, hata kama ni subira.

Shangazi yako


Bweni la Pili
8 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo isipokuwa mafua, ambayo hapa hugawiwa kwa zamu kama ufagio. Natumaini paa limezibwa, au wateja wameongezewa sabuni.

Bwenini kwetu Mkaguzi amekuwa somo la nane. Ule ukurasa wa gazeti niliubandika kwenye dari juu ya kitanda changu, kwa ajili yangu tu, lakini mmoja akapanda kuuona, akaja wa pili, sasa kitanda changu ni kama kituo cha basi. Wengi wanasema Mkaguzi atashindwa kwa sababu amezeeka. Yupo mmoja tunamwita Wakili, baba yake ana vitabu hata chooni, yeye anasema mashabiki wa mieleka ni wajinga wanaolipia kudanganywa. Anasema hivyo kwa Kiingereza, ili iume zaidi. Mimi nina majibu yake yote, kwa lugha zote mbili, yamepangana vizuri kichwani. Yamekaa humo humo.

Jana ilikuwa siku ya kutembelewa. Baba alikuja amevaa shati la kazini, kaleta sabuni, daftari, na kitabu cha fizikia cha kidato kinachofuata, ili furaha isinizidi. Tukakaa kwenye benchi nyuma ya maktaba. Tuliongea kuhusu mvua, tukaongea kuhusu alama zangu. Halafu tukaangalia ukuta. Unajua Baba anavyopenda kuta.

Shangazi, nilisema. Sijui ilitoka wapi. Nilisema, "Baba, tarehe tatu Mei Shangazi ataagiza onyesho. Namba itakuja kwako. Mpigie umsomee."

Akanigeukia. "Wewe umeanza kuongea lini?"

"Sasa hivi."

"Hm." Akafuta miwani, ingawa ilikuwa safi. "Akitaka namba, simu yangu haijabadilika."

"Na yeye anasema yake haijabadilika."

"Basi hakuna tatizo la mtandao," akasema, na nadhani alidhani amefanya mzaha, maana alikohoa.

Wazazi wengine walikuwa wanaaga. Akasimama, akanishika bega, akatembea hatua chache kisha akarudi. "Huyo mtu wenu," akasema, kwa ile sauti anayoulizia madaftari ambayo hayajakusanywa, "ndiyo anastaafu na lile faili lake la bluu?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa jinsi anavyofanya kwa upuuzi, akaenda zake.

Nimekuandikia hili kama lilivyo, bila kuongeza chumvi. Sikujua nilifikirie vipi. Labda wewe unajua.

Kimya


Saluni
24 Machi

Kimya,

Marahaba, nawe mafua yakutoke. Paa bado.

Bluu?

Hebu tuelewane. Mama alipokuwa hai faili lilikuwa jekundu. Jekundu kama pilipili, wewe mwenyewe umeliandika. Faili la bluu limeanza Januari hii, na mimi nimeliona kwenye vile vipande vya mieleka vinavyoonyeshwa bure katikati ya wiki. Baba yako aliitoa televisheni yake wiki ile ile tuliyomzika Mama, akampa jirani, akasema nyumba yake haina nafasi ya upuuzi. Sasa mtu asiye na televisheni, asiye na upuuzi, mwenye shahada, amejuaje rangi ya faili? Au siku hizi linafundishwa kwenye fizikia?

Sitaki kusema zaidi. Nimesema tu bluu.

Nimekwenda ofisi ya ving'amuzi kubadilisha jina. Pale kaunta kuna binti mwenye kucha ndefu hata kalamu anaishika kwa mbali kama nyoka. Akaniambia, "Mwenye jina aje mwenyewe, mama, ama asaini fomu." Nikamwambia mwenye jina ni mgonjwa. "Anaumwa nini?" Nikasema kichwa, kimekuwa kigumu. Akanipa fomu.

Nimemtumia kaka yangu kwa posta. Bahasha na fomu, basi, salamu hakuna. Ila pale pa kusaini nimemchorea mshale wa penseli, kwa kuwa ni mtu wa mishale.

Akisaini, namba zitakuja kwangu, nami sitamhitaji tena. Ndicho ninachokitaka. Usinijibu kwamba sicho.

Shangazi yako


Bweni la Pili
12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sikujibu kwamba sicho.

Naandika harakaharaka, mitihani imetukalia shingoni. Barua yako ilichelewa, na siku hiyo hiyo nikapata ya Baba. Ilikuwa ukurasa mmoja, na sehemu kubwa inahusu usingizi wa kutosha kabla ya mtihani. Mwishoni ameandika hivi, nakunakilia: "Mwambie shangazi yako nimepokea mshale wake. Umechorwa vibaya. Mshale lazima uonyeshe unatoka wapi." Kuhusu kusaini, kimya. Najua maana ya kimya, ni jina langu, na hata mimi sikuelewa.

Jambo jingine, ambalo naona haya kuliandika. Juzi Wakili alipanda kitandani kwangu akabandua ule ukurasa, akausoma kwa sauti ya kuigiza, akasema mtu anayempenda mwigizaji wa mieleka hana tofauti na bibi kizee anayeongea na televisheni. Hakujua. Hakuna anayejua, sijawahi kusimulia. Nikamwangalia. Yale majibu yangu yaliyopangana vizuri yalipotea yote, ya Kiswahili na ya Kiingereza, likabaki moja. Nikasimama juu ya kitanda, kichwa kikagonga dari, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani: "Na hilo gazeti likuozee mkononi, mwana hizaya wewe!"

Bweni zima likalipuka kwa shangwe. Wakili alinirudishia ukurasa kwa mikono miwili. Sasa wananiamkia.

Matroni ameniandika kwenye orodha ya wapiga kelele. Alilazimika kuniuliza jina langu, hakuwa analijua. Tafadhali usimwambie Baba. Au mwambie. Itabidi mzungumze.

Kimya


Saluni
6 Mei

Mwanangu mpiga kelele,

Marahaba, marahaba tena. Ile habari ya Wakili nimeisoma saluni kwa sauti, na Mama Povu amesema ukija anakupa mche wa sabuni bure. Mama Povu hajawahi kumpa mtu hata povu. Paa limezibwa, nitakueleza na nani.

Keti vizuri, maana Jumapili ilikuwa na mapambano mawili, na la ulingoni ndilo lililokuwa dogo.

Saa kumi jioni saluni imejaa pomoni. Nesi kaja amelala mchana kutwa makusudi. Yule mteja wa dawa naye yupo, nywele zimekwisha ota. Nimeagiza onyesho, kioo kimeandika: ingiza namba. Mimi nimesimama na simu mkononi kama niliyeshika yai.

"Piga!" akasema Mama Povu.

"Napiga."

"Unapiga nini, unaipapasa!"

Kidole akaanza kutangaza dakika zinazopita, akishangilia kama mtangazaji wa mpira. Nilimwambia nitamkata mshahara. Akatangaza na hilo. Nesi akasema, "Dada, nimelala mchana kwa ajili ya leo. Usinifanyie hivi."

Basi nikapiga. Naandika polepole uelewe: nilipiga mimi. Mdogo ndiye aliyeanza. Weka hilo kwenye kumbukumbu za ukoo.

Na simu ikaita nje ya mlango wangu.

Wote tukageuka. Kaka yangu yuko barazani, shati la kazini, kalamu mfukoni, amesimama mbele ya tangazo langu kana kwamba anasahihisha. Alikuwepo kwa muda gani sijui. Mama Povu anasema alimwona tangu alipofunga duka, akadhani ni mtu wa kodi.

"Shikamoo kaka," nikasema. Ilinitoka yenyewe, ni malezi.

"Marahaba. Andika." Akaisoma namba tarakimu moja moja, kama vile darasa zima linanakili. Picha ikaja ikitetemeka. Nikanyanyua mkono kukipiga king'amuzi, na yeye akanyanyua wake, tukakipiga pamoja palepale kwenye bonde. Ikatulia.

Kiti kilichobaki kilikuwa kile cha chini ya draya. Akakaa. Msomi mzima, kofia la kukaushia nywele limemfunika kama chungu, magoti yamefika kidevuni. Kidole akamuuliza kama anataka roli. Akasema la, asante, kwa heshima kubwa.

Sasa maoni, maana najua bweni lako linangoja. Mapambano ya utangulizi yalikuwa takataka. Bwana Harusi kaja na suti mpya, kapigwa kabla hajafungua vifungo. Mama Povu kasema hata fungate inadumu zaidi. Wale ndugu wawili wenye minyororo walitumia muda mrefu kuifungua kuliko kupigana nayo. Mwamuzi ni yule yule wa kamba za viatu, na Kidole alimzomea mpaka sauti ikamkauka, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa faida ya onyesho zima.

Akaingia Mkaguzi. Amezeeka, Kimya. Shingo imelegea ndani ya ile kola. Lakini alimkagua Fundi Bomba viatu, akamkagua masikio, akaandika kwenye faili, na saluni nzima tukamtukana kwa roho nyeupe. Akaiba kama alivyoiba siku zote, dole la jicho, tai shingoni mwa mwenzake, mwamuzi anatazama mbinguni. Baba yako kimya chini ya kofia.

Halafu wakaharibu. Fundi Bomba akamnyanyua, akambwaga, moja, mbili, tatu. Amekwisha. Sawa, nilitegemea. Ila yule mzee badala ya kufa na tai yake shingoni, akaivua! Akaiweka katikati ya ulingo, akaweka na faili juu yake, akaanza kulia na kuomba radhi. Akamkumbatia Fundi Bomba. Muziki wa kubembeleza watoto ukapigwa. Na nikigeuka, Nesi machozi, Mama Povu kamasi, mteja wa dawa anapiga makofi. Watu waliomtukana miaka na miaka wamemsamehe kwa wimbo mmoja! Nikasema hawa walioandika mwisho huu waliandika na kitunguu mkononi. Mama angekufa mara ya pili. Adui ni adui, hastaafu kuwa adui.

Hapo draya ikalia paa! Baba yako amesimama ghafla, kofia limempiga utosini, miwani imekwenda upande, kidole amemnyooshea yule mzee kwenye kioo.

"Na hilo faili likuozee mkononi, mwana hizaya wewe!"

Mwanangu, saluni nzima ikamgeukia.

Mama Povu akapenga kamasi. "Mwalimu, si unajua ni maigizo?"

"Najua," akasema. Akakaa. "Na mama yetu alijua."

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii. Ile siku ya ubao alipomfuata jikoni, Mama alikuwa anasuuza kikombe, akamwambia: "Mwanangu, ulidhani sijui? Mtu anapigwa kiti kila Jumapili asing'oke hata jino? Nilijua kabla hujazaliwa. Lakini sasa umenionea huruma, na mimi siwezi kumtukana mtu mbele ya anayenihurumia."

Akaniambia alimwomba awashe tena, alimwomba mara nyingi, Mama akakataa. Akaniambia hakuweza kunieleza siku ya mazishi, kwa sababu nilichomwambia kilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mbaya zaidi kuliko nilivyojua. Yeye tangu hapo anavitazama vile vipande vya bure kwenye simu, sauti ameifunga, amejifungia chumbani. Anangoja ampate yule bwana siku moja amtukane kwa niaba. Anasema peke yake hakuweza, aliona haya.

Nilichukua kitana nikashika kichwa kilichokuwa karibu, nikasuka. Nilipofika katikati mwenyewe akaniambia kwa upole kwamba alikuja kufumua.

Watu walipotawanyika alipanda juu akaziba paa. Ameliziba vibaya, ana shahada ya mambo mengine. Amechora na mchoro wa jinsi maji yanavyopaswa kupita, ameubandika juu ya sinki, na maji hayajausoma.

Alipokuwa anaondoka akatoa ile fomu mfukoni. Ameisaini, pale pale kwenye mshale wangu, na mshale ameusahihisha kwa wino mwekundu. "Ofisi yao si mbali," akasema. "Ukipeleka, namba zitakuja kwako. Hutasumbuka kunitafuta."

Nikasema vizuri. Nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya vitana, chini kabisa, chini ya vile vilivyovunjika meno. Naona nimekuwa na shughuli nyingi tangu hapo.

Ukifunga shule uje moja kwa moja saluni. Mwezi wa sita kuna onyesho jingine la kulipia. Kidole anasema litakuwa bovu, Mkaguzi hayupo, hakuna hata anayejua nani atapigana na nani.

Nitaliagiza.

Shangazi yako